Kurejeshwa kazini si kuajiriwa upya

Kwa Mhariri,

Mfanyakazi aliyepigwa kalamu kwa madai ya utovu wa nidhamu akishinda kesi, watu humpongeza kana kwamba mambo yamekwisha. Wengi wa washindi hao hupewa fidia tu, ilhali walichotaka ni kazi yao. Wachache wanaorudishwa nao huwekewa karatasi mezani, wanatia sahihi kwa furaha, kisha miaka kadhaa baadaye, siku ya kustaafu au ya kampuni kupunguza watu, ndipo wanapogundua kuwa karatasi ile ilifuta miaka minane au kumi ya utumishi wao. Naandika hasa kuhusu hasara hii ya pili, kwa sababu haizungumzwi na kwa sababu sentensi mbili zikiandikwa mapema zinaizuia.

Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007, katika kifungu cha 49, inataja njia mbili za kumrudisha mtu aliyefutwa isivyo haki. Ya kwanza ni kumrejesha na kumchukulia kwa kila hali kana kwamba ajira yake haikuwahi kukatizwa. Ya pili ni kumwajiri tena katika kazi inayolingana na ile ya awali, au kazi nyingine inayomfaa, kwa mshahara ule ule. Kifungu hicho kinamwongoza afisa wa leba, na kifungu cha 50 kinaitaka mahakama nayo ikifuate.

Maneno "kwa kila hali" yamebeba mengi: mshahara wa miezi aliyokaa nje, nyongeza za kila mwaka ambazo wenzake walipata, siku za likizo, cheo, michango ya pensheni, na tarehe ya kuajiriwa kubaki ile ile ya mwanzo. Katika njia ya pili sheria inataja kazi na mshahara, basi. Kuhusu miaka ya utumishi haisemi kitu. Amri ikitolewa kwa njia hiyo na hakuna aliyeiomba mahakama itamke lolote kuhusu miaka, mwajiri atausoma ukimya huo kwa faida yake, na ni vigumu kumlaumu.

Tuchukue mfano. Karani wa stoo aliajiriwa tarehe 1 Machi 2014 kwa mshahara ambao leo ni Sh40,000 kwa mwezi. Akafutwa tarehe 1 Machi 2022, akarudi tarehe 1 Mei 2024 baada ya miezi 26. Tuseme kampuni inapunguza wafanyakazi Machi 2030 na mshahara haujabadilika. Sheria inampa anayepunguzwa angalau malipo ya siku 15 kwa kila mwaka uliokamilika. Ikiwa utumishi wake haukukatika, ana miaka 16, yaani siku 240. Ikiwa alirudi kama mgeni, ana miaka mitano iliyokamilika, yaani siku 75. Tofauti ni siku 165, na kwa kugawanya mshahara kwa siku 30 hizo ni Sh220,000. Hapo hatujagusa malimbikizo ya mshahara ya miezi 26, ambayo ni Sh1,040,000.

Kuna hasara nyingine inayomwandama. Kampuni inapochagua nani apunguzwe, kifungu cha 40 kinaitaka izingatie muda wa utumishi, ujuzi, uwezo na uaminifu wa kila mfanyakazi. Katika kampuni nyingi muda wa utumishi ndio kigezo kinachotangulia, na aliyeingia mwisho hutoka kwanza. Aliyerudishwa kwa barua ya ajira mpya anakuwa wa mwisho kuingia, hata kama nusu ya waliobaki yeye ndiye aliyewafundisha kazi.

Barua ya kurudi inatambulika kwa maneno yake. Ikianza kwa kusema kampuni ina furaha kukupa nafasi ya kazi, hiyo ni ajira mpya. Ikitaja muda wa majaribio wa miezi sita, hiyo ni ajira mpya, na ya hatari, kwa maana katika muda wa majaribio mtu anaweza kuondolewa kwa notisi ya siku saba tu. Ikimpa mfanyakazi nambari mpya ya kazi, aulize mara moja. Mfanyakazi anapofutwa, karani wa mishahara hufunga rekodi yake kwenye kompyuta kwa kuweka tarehe ya mwisho. Akirudi, njia ya mkato ni kutengeneza rekodi mpya, na rekodi mpya huanza na likizo sifuri, tarehe mpya ya kuajiriwa na ngazi ya chini ya mshahara. Si lazima awepo mtu mwenye nia mbaya. Inatosha karani awe na haraka na asiwepo aliyemwagiza afungue rekodi ya zamani. Miaka sita baadaye kompyuta ndiyo itakayoulizwa mtu huyu alianza lini, nayo itajibu kama ilivyoambiwa.

Kwa hiyo, iwe ni amri ya mahakama inayoombwa au ni maelewano nje ya korti, maneno haya au yanayofanana nayo yawemo: "Barua ya kuachisha kazi imeondolewa na haina nguvu tena. Utumishi wa mfanyakazi unahesabiwa bila kukatika tangu tarehe aliyoajiriwa mara ya kwanza, na kipindi alichokuwa nje ni sehemu ya utumishi huo kwa ajili ya likizo, pensheni, kiinua mgongo, nyongeza ya mshahara na malipo ya kupunguzwa kazi." Tarehe zote mbili, ya barua inayoondolewa na ya kuajiriwa mara ya kwanza, ziandikwe kwa tarakimu. Kifungu cha 10 cha sheria hiyo hiyo kinataka maelezo ya kandarasi yaonyeshe tarehe utumishi usiokatika ulipoanza. Mfanyakazi anayo haki ya kuona tarehe yake ya zamani ikiwa pale pale.

Wakati mwingine mwajiri yuko tayari kumrudisha mtu ila hataki kulipa miezi aliyokaa nje. Mfanyakazi akiona heri nusu shari, akubali hilo kwa macho wazi: kipindi kile kiandikwe kuwa likizo isiyo na malipo ambayo haikatizi utumishi. Fedha za miezi michache zinaweza kusamehewa pasipo kupoteza miaka. Kosa ninaloliona kila mara ni pande mbili kubishana kuhusu malimbikizo hadi zichoke, kisha kutia sahihi karatasi isiyotaja mwendelezo wa utumishi kabisa.

Sasa nirudi nyuma, maana kazi nyingi hupotea kabla hata kesi haijaandikwa.

Mambo huanza na barua ya kumtaka mfanyakazi ajieleze. Barua nzuri hutaja kosa, tarehe, zamu, mahali na kiasi: mifuko 14 ya saruji iliyotoka lango la nyuma usiku wa tarehe fulani bila hati ya kutoa mali. Barua mbaya husema "upotevu wa mali na mienendo isiyofaa". Anayepokea ile ya pili ajibu kwa maandishi akiomba apewe kiasi, tarehe na nakala za daftari la lango, karatasi za kuhesabu mali na picha za kamera, na asisitize kuwa atajibu kikamilifu akishazipata. Jibu hilo liwe fupi na la adabu. Wengi huandika kurasa tatu za hasira zinazomtuhumu msimamizi kwa mambo ya miaka iliyopita, na kurasa hizo ndizo zinazosomwa baadaye kama ushahidi kwamba uhusiano umeharibika kiasi kwamba mtu hawezi kurudi.

Kifungu cha 41 kinamlazimu mwajiri, kabla ya kumfuta mtu kwa utovu wa nidhamu, amweleze sababu kwa lugha anayoielewa, akiwepo mfanyakazi mwenzake au mwakilishi wa chama atakayemchagua mwenyewe, kisha asikilize na kuzingatia majibu ya wote wawili. Hata yule anayefutwa papo hapo kwa kosa kubwa chini ya kifungu cha 44 ana haki hiyo. Mahakama ya Rufaa ilizipanga nguzo hizi bayana katika rufaa ya Shirika la Posta mwaka 2019: maelezo ya sababu kwa lugha inayoeleweka, sababu yenyewe, haki ya kuwa na mwenzake, na kusikilizwa kwa utetezi kabla ya uamuzi. Anayeingia kwenye kikao cha nidhamu aombe jina la mwenziwe liandikwe kwenye kumbukumbu. Akinyimwa, hilo nalo liandikwe. Akiwekewa kumbukumbu atie sahihi, azisome kwanza, na pale zisipolingana na alichosema aandike marekebisho kwa mkono kando ya aya husika.

Iwapo mwongozo wa kampuni au mkataba wa pamoja kati ya chama cha wafanyakazi na mwajiri unaruhusu rufaa ya ndani, rufaa hiyo ikatwe ndani ya siku zilizotajwa, na iombe jambo moja kwa uwazi: kurejeshwa. Nimesoma barua nyingi za rufaa zinazoomba huruma, zinazotaja karo ya watoto na mkopo wa chama cha akiba, na hazisemi popote kwamba mwandishi anataka kazi yake. Matakwa ya mfanyakazi ndiyo jambo la kwanza kwenye orodha ya yale ambayo afisa wa leba na mahakama huangalia. Barua ya rufaa iliyoomba kazi siku ya tano ni ushahidi bora kuliko kiapo kinachotolewa baada ya miaka miwili. Rufaa ikifaulu, ukatike mzizi wa fitina: barua itoke ikisema ile ya kufutwa imeondolewa. Kamati ya rufaa ikiamuru kikao kirudiwe, iandikwe kwamba mfanyakazi amesimamishwa tu akingoja kikao, na kama analipwa nusu, mshahara kamili au hakuna, kwa kufuata kandarasi. Aliyesimamishwa bado ni mfanyakazi na miaka yake inaendelea kuhesabiwa.

Halafu kuna malipo ya mwisho. Kifungu cha 18 kinampa hata aliyefutwa papo hapo haki ya kulipwa chote alichokwisha kuchuma hadi siku ya kutoka. Mwajiri hawezi kukishikilia kama chambo. Tatizo ni hati inayoambatana na malipo hayo, ile yenye maneno "nimepokea haki zangu zote na sina dai lingine lolote". Mahakama zetu zimeshasema kuwa hati kama hiyo ikitiwa sahihi kwa hiari na kwa kuelewa, inafunga. Afadhali mtu aandike juu ya sahihi yake: "Nimepokea mshahara na likizo nilizochuma. Sijaacha dai langu la kurejeshwa kazini." Mwajiri akikataa kulipa mpaka maneno hayo yafutwe, kukataa huko kuandikiwe barua siku hiyo hiyo. Cheti cha utumishi nacho ni haki ya aliyefanya kazi wiki nne au zaidi, na kifungu cha 51 kinaweka adhabu ya faini isiyozidi Sh100,000 au kifungo kisichozidi miezi sita kwa mwajiri anayekinyima makusudi. Kukichukua cheti hakumaanishi mtu amekubali kufutwa.

Kuna saa kadhaa zinazotembea kwa pamoja, na hapa ndipo wengi huanguka. Malalamiko kwa afisa wa leba yapelekwe ndani ya miezi mitatu tangu siku ya kufutwa. Chama cha wafanyakazi kikichukua suala hilo kama mgogoro, kinapaswa kuliripoti kwa Waziri wa Leba ndani ya siku 90 tangu kufutwa, ndipo msuluhishi ateuliwe. Kesi mahakamani ifunguliwe ndani ya miaka mitatu. Halafu ipo saa ya nne ambayo watu hawaijui: sheria ya 2011 iliyounda Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Leba (Mahakama ya Leba kwa ufupi), katika kifungu cha 12, inaipa mahakama hiyo uwezo wa kuamuru mtu arejeshwe ndani ya miaka mitatu tangu alipofutwa. Si ndani ya miaka mitatu tangu kesi ifunguliwe. Anayefungua kesi mwezi wa 30 yuko ndani ya muda wa kushtaki, ila kesi itakaposikilizwa na kuamuliwa, miaka mitatu ya kurejeshwa itakuwa imepita, na jaji atambakishia fidia tu. Fidia hiyo ina kikomo cha mishahara ya miezi 12.

Kwa hiyo anayetaka kazi, na si pesa pekee, afungue kesi katika wiki za kwanza baada ya rufaa ya ndani kugonga mwamba au kucheleweshwa. Ombi la kwanza liwe kurejeshwa bila kukatika kwa utumishi, la pili liwe kuajiriwa tena kwa masharti ya mwendelezo huo huo, na fidia iwe ombi la mwisho. Sambamba na hayo aombe kesi isikilizwe kwa haraka, akitaja tarehe ambayo miaka mitatu itakwisha. Wakili asipoiandika tarehe hiyo kwenye hati ya dharura, hakuna karani wa korti atakayemhesabia.

Wanaongoja kesi ya jinai nao wameumia sana. Mtu anashtakiwa kwa wizi, anafutwa kazi, anaambiwa na jamaa zake asubiri aachiliwe kwanza ndipo adai kazi. Kesi ya jinai inachukua miaka minne. Anaachiliwa, anakwenda Mahakama ya Leba, anaambiwa amechelewa. Mwaka 2016 Mahakama ya Rufaa ilishikilia kuwa muda huanza kuhesabiwa siku ya barua ya kufutwa, wala haungoji hukumu ya jinai. Na hata akiachiliwa, hilo pekee halimrudishi kazini. Kortini upande wa mashtaka unatakiwa kuthibitisha bila kuacha shaka yoyote ya maana, ilhali kazini mwajiri anatakiwa kuonyesha kwamba alikuwa na sababu ya kweli aliyoiamini wakati anamfuta. Kesi hizo mbili ziende sambamba. Kama kuna hofu kwamba ushahidi wa moja utamdhuru katika nyingine, wakili aiombe Mahakama ya Leba iiahirishe kesi iliyokwisha kufunguliwa. Hilo ni salama kuliko kutofungua.

Ni lazima niseme pia kwamba kurejeshwa si haki ya kila anayeshinda. Kifungu cha 49 kinataka itazamwe kama inawezekana kivitendo, ni kwa kiasi gani mfanyakazi mwenyewe alichangia yaliyompata, amefanya kazi muda gani, na ile kanuni ya kale kwamba mahakama haimlazimishi mtu kuendelea na kandarasi ya utumishi isipokuwa katika hali za kipekee mno. Mwaka 2014, katika rufaa ya Kenya Airways iliyohusu wafanyakazi 447 waliopunguzwa mwaka 2012, Mahakama ya Rufaa iliitengua amri ya kuwarejesha na kusisitiza kuwa kurejesha ni hatua ya kuchukuliwa kwa uangalifu mkubwa. Ile ilikuwa kesi ya kupunguza watu na haikuhusu nidhamu, lakini msimamo wake hutajwa katika kesi za nidhamu kila uchao.

Kwa utendaji, maana yake ni hii. Karani wa fedha aliyekubali kwenye maelezo yake kwamba alichukua pesa akitarajia kurudisha hatarejeshwa hata kama kikao chake kilikuwa cha dakika tano. Atapata kitu kwa ajili ya utaratibu mbovu, basi. Mfanyakazi pekee wa duka dogo anayekaa uso kwa uso na mwenye duka kutwa nzima naye ni vigumu. Aliye na nafasi nzuri ni yule ambaye kosa lenyewe halikuthibitishwa, au adhabu ilizidi kosa, tena yuko katika taasisi kubwa yenye vituo vingi ambako anaweza kufanya kazi chini ya msimamizi mwingine. Mtu huyo asingoje kuulizwa. Kiapo chake kitaje vituo ambako kazi yake ipo, kionyeshe kama nafasi yake imejazwa kwa kudumu au kwa muda, na kiambatishe barua za pongezi, tathmini za kila mwaka na rekodi isiyo na maonyo. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inampa haki ya kuona taarifa zake zinazoshikiliwa na mwajiri, kwa hiyo anaweza kuomba nakala ya faili lake. Kama wenzake waliofanya kosa lile lile walipewa onyo tu, hilo litajwe kwa tarehe, kwa sababu kifungu cha 45 cha Sheria ya Ajira kinaitaka mahakama iangalie desturi ya mwajiri katika makosa ya aina hiyo.

Akiwa nje atafute riziki. Kifungu cha 49 kinauliza pia kama aliyefutwa alijitahidi kupunguza hasara yake. Kazi ya muda haimnyimi nafasi ya kuomba arudishwe, ila atunze rekodi ya alichopata, maana ataulizwa.

Amri ikishatoka, siku ya kuripoti ina sheria zake. Mfanyakazi aende mwenyewe, siku na saa iliyotajwa, akiwa na nakala ya amri yenye muhuri wa korti pamoja na barua yake fupi inayosema "nimeripoti kazini leo". Barua iwe nakala mbili, moja ipigwe muhuri wa kupokelewa. Mlinzi akimzuia langoni, aandike jina la mlinzi, saa na aliloambiwa, kisha apeleke barua hiyo kwa baruapepe kabla jua halijatua na kumjulisha wakili. Asirudi nyumbani kungoja kuitwa. Wako waliongoja, na mwezi uliofuata wakaandikiwa kuwa wametoroka kazi, jambo ambalo ni utovu wa nidhamu mpya. Mwajiri akikata rufaa na kupata amri ya kusitisha utekelezaji, mfanyakazi aulize mahakamani kama atalipwa mshahara katika kipindi hicho. Mwajiri asiye na amri ya kusitisha na bado hatii anaweza kushtakiwa kwa kudharau mahakama.

Malimbikizo yalipwe kama mshahara, yakiwa na orodha ya kila mwezi na kiasi chake. Mwajiri anapotoa kitita kimoja akakiita fidia au msaada, michango ya NSSF, hazina ya taifa ya hifadhi ya jamii, ya miezi ile haipelekwi, na shimo hilo halionekani hadi siku ya kustaafu. Siku hizi mchango wa NSSF ni asilimia 6 kwa mfanyakazi na asilimia 6 kwa mwajiri, hadi kiwango cha mshahara kilichowekwa, kwa hiyo nusu nzima ya mchango ni ya mwajiri na ndiyo anayoiokoa kwa kubadilisha jina la malipo. Mfanyakazi adai pia kuonyeshwa hesabu ya kodi mwezi kwa mwezi, kwa sababu malimbikizo ya miaka miwili yakitozwa kama mapato ya mwezi mmoja humsukuma kwenye viwango vya juu ambavyo mshahara wake haujawahi kufika. Kama kuna mpango wa pensheni wa kampuni na alitoa akiba yake alipofutwa, awaulize wadhamini wanaosimamia mpango huo kwa maandishi kama anaweza kuirudisha, na miaka yake itahesabiwaje asipoirudisha. Miezi mitatu baada ya kurudi aombe taarifa ya NSSF na ya mpango huo, aitazame mwezi baada ya mwezi. Miezi yenye sifuri huonekana kwa jicho.

Waajiri nao nawaomba waitazame rufaa ya ndani kama fursa. Meneja anayegundua siku ya kumi kwamba ushahidi haukutosha anaweza kuondoa barua, akampa mfanyakazi onyo la mwisho pale linapostahili, akamrejesha na miaka yake. Gharama ni mshahara wa siku kumi. Jambo hilo hilo likingoja korti, gharama ni malimbikizo ya miaka, mawakili, na mtu aliyeajiriwa kushika nafasi ambaye sasa hana pa kwenda. Siwezi kueleza kwa nini kamati nyingi za rufaa hukaa kuidhinisha tu lililokwisha amuliwa.

Kwa Bunge nina maombi mawili. La kwanza, kifungu cha 12 cha sheria ya mahakama hiyo kirekebishwe ili miaka mitatu ya kurejeshwa ihesabiwe hadi siku kesi ilipofunguliwa, pasiwepo mwajiri anayenufaika kwa kuomba kesi iahirishwe mara kwa mara. La pili, kifungu cha 49 kiongezewe maneno yanayosema kuwa anayeajiriwa tena kwa njia ya pili anaendelea na miaka yake ya utumishi, isipokuwa mahakama iamue vingine kwa sababu itakazoziandika. Mabadiliko hayo mawili ni ya mistari michache, na yanaweza kuingizwa katika mswada wowote wa marekebisho ya sheria za leba utakaofika mbele ya kamati ya Bunge inayohusika na kazi.

Mshauri wa masuala ya leba,
Nairobi